Mji Mkongwe unataka chokaa

Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa katika matengenezo. Kila mtu alililia, na lilistahili. Lakini nyuma yake, vichochoroni, zipo nyumba zinazokufa polepole bila kutangazwa popote.

Nyumba hizo ndizo Mji Mkongwe wenyewe, uliotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mlango wa Kigujarati unatazamana na baraza la Mwarabu. Msikiti, hekalu la Wahindu na kanisa vyote unavifikia kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Hakuna kabila wala dini inayoweza kusema mji huu ni wake peke yake.

Tatizo nalo limeanzia hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka. Nyumba nyingi zikawa za serikali, nyingine ni za wakfu, na vyumba vikagawiwa watu wa kila asili. Paa likivuja, wa juu anatega beseni, wa chini anaisubiri serikali. Maji hayamsubiri mtu: yanashuka ukutani, na vichwa vya boriti za mikoko vinaoza humo humo ndani, pasipoonekana.

Hata anayejitolea kutengeneza huishia kuharibu, maana anachokipata dukani ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe umejengwa kwa chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, hatimaye lipu hubanduka na jiwe lake. Hatumlaumu mpangaji huyo. Chokaa iliyolowekwa ikaiva ataipata wapi, na fundi wa kuipiga ni nani?

Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Tunaitaka ifungue kiwanja cha chokaa, iuze kwa bei ambayo mpangaji ataimudu, na iwalipe vijana wajifunze kazi kwa mafundi wazee ambao wangali hai. Sehemu ya fedha za watalii iende kwenye mapaa ya wakazi, isiishie kwenye majumba ya kupigia picha. Masika huanza Machi. Kabla ya hapo mapaa yakaguliwe nyumba kwa nyumba, kuanzia zile zenye familia nyingi.