Mazungumzo ya Nyumbani: Kupanda Mlima na Watoto na Mbwa



Katika mazungumzo ya mwezi uliopita tulisema habari za kula pamoja, baba na mama na watoto katika sinia moja. Tumepata barua tatu. Mbili zatushukuru, ya tatu yatulaumu, nayo ndiyo iliyotupa kazi ya kufikiri. Mwandishi wake asema kwamba kula pamoja ni nusu saa tu, na baada ya kunawa kila mtu hushika njia yake: baba huenda barazani, vijana huinamia simu zao, mama hubaki na vyombo. Je, auliza, familia ya Kikristo haina jambo jingine la kufanya pamoja ila kula?

Twajibu: lipo. Sisi tukaao Morogoro tumewekewa mlima mlangoni. Milima ya Uluguru yaanza pale pale zinapokoma nyumba za mji, nayo yapanda mpaka kilele cha Kimhandu, ambacho chapita mita 2,600. Maji ya mto Ruvu yatoka huko. Wenzetu wa Dar es Salaam, kilometa 190 hivi kutoka hapa, wanywa maji ya mlima wetu, na wengi wao hawajapata kuuona ila katika dirisha la basi. Lakini tusiwacheke, maana wako watu waliozaliwa chini ya mlima huu ambao hawajaupanda hata mara moja.

Tukiwauliza sababu, hutujibu, “Sina shamba kule, wala sina mgonjwa wa kumtazama; nipande kwa nini?” Wengine husema kwamba kupanda bila mzigo ni mchezo wa Wazungu. Maneno haya hatuyakubali. Bwana wetu alipanda milima mara nyingi, wala hatusomi kwamba alikuwa na shamba huko. Tena, kusema kweli, sisi hatukuanza kwa ajili ya sala. Tulianza kwa sababu mtoto wetu wa kwanza alikuwa ametimiza miaka kumi na mbili, na siku moja tukaona ya kuwa hatujui anapenda nini wala anaogopa nini. Tulikuwa tumefundisha wakatekumeni wengi kwa miaka mingi, tukijua majina ya wasimamizi wao wote, na mtoto wa nyumbani tulikuwa hatumjui.

Njia tuipendayo kuliko zote ni ile iendayo Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wadachi iliyojengwa kabla ya vita ya 1914. Twaondoka saa 12 asubuhi, kabla jua halijawa kali, tukielekea mlimani kwa upande wa Boma. Muda si mrefu lami yakoma, na njia yaanza kupinda kati ya migomba na mashamba yaliyolala ubavuni mwa mlima. Saa hiyo akina mama wa Kiluguru washuka sokoni, vikapu vya ndizi na mboga vichwani, wala hawashiki kitu kwa mkono. Mtu aliye mtupu na apandaye akihema yampasa kuwapisha hao. Kwa mwendo wa watoto safari yachukua saa mbili hata tatu, nasi twapanda zaidi ya mita 500. Juu pana ubaridi mzuri, na mji wote waonekana chini kama mtu aliyeumwaga kutoka katika pakacha.

Tumesema mwendo wa watoto, na hapo ndipo akina baba wengi washindwapo. Tumezoea kutangulia mbele, fimbo mkononi, na wengine wafuate. Mlimani jambo hilo halifai. Aliye mdogo kuliko wote atangulie, na baba awe nyuma kabisa. Hivyo hakuna atakayeachwa, na baba ataona mgongo wa kila mtoto wake, nani anachechemea, nani amebeba maji ya mwenzake. Twawaambia kweli kwamba mtoto asiyesema neno mezani husema mengi akiwa njiani, maana hatazamwi usoni.

Sasa twaja kwa mbwa. Najua wako watakaonung’unika kwamba mbwa si wa kutajwa katika gazeti la dini. Na wasome Kitabu cha Tobiti: kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika, mbwa wao alifuatana nao, na Maandiko hayakuona aibu kumtaja. Watu wengi wa kwetu hufuga mbwa kwa ajili ya wezi tu. Humfunga mchana kutwa chini ya mti, humpa ukoko, na wakishangaa kwamba ni mkali hawajiulizi sababu. Mbwa naye ahitaji kutembea. Mji huu huu wa Morogoro wafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Ikiwa panya aweza kufundika hivyo, mbwa atashindwaje kufuata kamba?

Neno hilo la kamba tulijifunza kwa gharama, nasi tutalieleza ingawa latuaibisha.

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya Agosti, tulipanda na mwenzetu wa nyumbani na watoto watatu na mbwa wetu Sijali. (Jina hilo si letu, alipewa na aliyetupa mbwa.) Sijali hakuwa na kamba, kwa kuwa tulijivuna kwamba ni mpole. Wakati wa kushuka, watoto wakiimba nyimbo za kanisa, tulifika penye kona juu ya kiwanja cha nyumba moja. Chini ya mwembe palikuwa na mbuzi wawili na mwana-mbuzi mmoja. Sijali aliruka. Tulipiga kelele, tukakimbia, lakini tulipofika yule mwana-mbuzi alikuwa amekwisha kuvunjwa shingo.

Uani hapakuwa na mtu. Tulitazama huku na huku, kama Musa alivyotazama kule Misri, tukasema moyoni, tutarudi siku nyingine. Binti yetu wa pili, ambaye siku zile alikuwa na miaka tisa, akauliza, “Baba, hatupigi hodi?” Tukamjibu kwamba jua limekwisha kuwa kali. Tukamshika Sijali ukosi tukaenda zetu, na hakuna aliyeimba tena mpaka nyumbani.

Alhamisi yake ilikuwa zamu yetu ya kufundisha wakatekumeni, na somo lilikuwa amri ya saba: kwamba haitoshi kujuta, bali aliyemharibia mwenziwe mali yampasa kuilipa. Ndugu zetu, maneno yalitukauka kinywani. Mzee mmoja wa darasa alidhani tuna homa akatuletea maji.

Ijumaa tulipanda peke yetu, fedha mfukoni. Tulimkuta bibi mmoja akipepeta mahindi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Tukaeleza. Akatuacha tumalize, kisha akasema, “Mwalimu, nalijua tangu Jumamosi. Mjukuu wangu alikuwa juu ya mwembe, aliwaona wote.” Tulipokuwa bado tunatafuta la kujibu, akaongeza: “Zamani chui walikuwa wakila mbuzi wetu. Lakini chui hakupita hapa akiimba nyimbo za kanisa.”

Bibi huyu si Mkristo. Fedha alizipokea, akazihesabu mara mbili. Kisha akatuonyesha kwa mkono mpaka wa shamba lake, akisema kwamba alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru kurithi ardhi kwa ukoo wa mama. Ile njia tulipokuwa tukipita na watoto wetu, tukidhani ni ya mlima tu, ilikuwa imekatwa katikati ya urithi wa mwanamke huyu. Siku ile hakututekea maji. Alituuliza neno moja la mwisho: “Mbwa huyo amechanjwa?”

Hata hilo hatukuweza kulijibu vema. Cheti chake kilikuwa kimepita muda kwa miezi minne.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji walisikilize jambo hili kwa makini kuliko yote tuliyoandika. Kichaa cha mbwa kikikwisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, mgonjwa hufa. Kupona ni jambo la nadra mno. Lakini chazuilika kabisa. Mwaka 1885 yule Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng’atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Tangu siku hizo hapana sababu ya mtoto kufa kwa ugonjwa huu isipokuwa uzembe, au umaskini, au kukawia. Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, na tena kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mahali pengi mbwa huchanjwa siku hiyo; na hapa kwetu, penye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinachofundisha madaktari wa mifugo, asiyejua pa kwenda na aulize huko.

Mtoto aking’atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima, ingawa atalia. Msipake pilipili, wala jivu, wala mafuta ya taa, wala msiungoje usiku upite. Mpelekeni hospitali siku ile ile apate sindano, na arudi siku zote atakazoambiwa, hata kama kidonda kimefunga. Mbwa mwenyewe, ikiwa ana mwenyewe, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini mtoto asingojeshwe kwa sababu ya siku hizo. Mbwa aliyebadili tabia ghafula, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole, atokwaye na mate na ashindwaye kumeza, msimkaribie, msimhurumie.

Kwa upande wa mbwa mwenyewe, mjue kwamba hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kwa hiyo apewe maji kila mnapopumzika, na mkirudi mtazameni kupe masikioni na katikati ya vidole.

Kupita Morningside, kuelekea juu penye msitu mnene, mbwa asipelekwe. Msitu ule ni hifadhi tangu 2008, na mtu atakaye kuuingia yampasa kupata ruhusa kwanza katika ofisi ya misitu mjini. Mna ndege humo, yule tiva wa Uluguru, asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Mbwa huweza kuchukua maradhi mpaka kwa wanyama wa mwitu bila mwenyewe kujua. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, ukaua karibu theluthi moja yao. Kama simba hawakuweza kustahimili, sembuse viumbe wadogo wa msitu wetu.

Wenye wazee au watoto wachanga wasijilazimishe na Morningside. Upande wa Bigwa na Kola vipo vilima vifupi vya kupanda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tena liko bwawa la Mindu, njia ya Iringa, ambalo mji wetu hupata maji kwalo. Hapo watu watembee kando na kutazama vilima, bali watoto wasioge, wala mbwa asiingie katika maji yanywewayo na watu. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, sisi hatupandi kabisa. Udongo wa Uluguru ukilowa huteleza kama sabuni.

Kuna jambo moja dogo tena. Katika njia nyembamba mtakutana na ndugu zetu Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na mtu akiguswa nayo hawezi kusali bila kujitakasa kwanza. Mfupisheni kamba, simameni kando upande wa chini, wapite wao kwanza. Tumeona Mkristo mmoja akicheka mzee alipokunja kanzu yake kwa kumkwepa mbwa. Kicheko kile kilitutia aibu.

Siku hizi tukifika kwa bibi yule twapiga hodi, hata tukiwa na haraka. Safari ya tatu alitupa maji ya kunywa katika kata. Safari ya tano mjukuu wake, yule wa mwembeni, alimshika Sijali kamba mpaka kona ya pili, akarudi mbio. Mbuzi bado huwahamisha nyuma ya nyumba akitusikia tunakuja, nasi hatumlaumu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao twapanda tena, na familia yo yote ya parokia yakaribishwa. Tukutane mbele ya kanisa saa 12 kasorobo asubuhi. Kila mtu achukue maji yake na chakula kidogo, na akina baba wavae viatu vya kutembea, si vile vya Jumapili. Kila mbwa awe na kamba yake, na mwenye mbwa atuonyeshe cheti cha chanjo kabla hatujaondoka. Cha Sijali tutakuja nacho.