KAMBA YA KISIMA IMECHOKA, TUSINGOJE IKATIKE

Ndugu wanaushirika,

Wiki iliyopita kamba ya kisima chetu ilikatika uzi mmoja kati ya nyuzi zake tatu, akina mama wakiwa kwenye foleni. Bwana mmoja akapiga fundo, akasema mambo tayari. Sisi tunasema hayako tayari.

Wenzetu waliowahi kwenda Tanga kukata mkonge wanayajua majahazi. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, nayo foromali huinuliwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza, inayopita kwenye kapi. Kapi, ndugu, kama hili letu la kisimani! Henza ikikatika, foromali na tanga huwaangukia watu. Ndiyo maana nahodha mwenye akili huuliza kamba imefanya kazi misimu mingapi, hangoji ikatike baharini.

Sisi wa Kolo bahari hatuna. Lakini debe la maji ni lita 20, yaani kilo 20, na anayelivuta ni mama mjamzito au mtoto wa shule. Kamba ikiachia ghafla anaanguka chali. Na siku hiyo akiwemo mtu chini anasafisha kisima, tutazika.

Wengine eti kamba kwa nje ni nzima. Hebu ifungueni kwa mikono pale inapopita kwenye kapi, mtazame ndani. Mkonge unaolowa na kukauka kila siku huoza. Sisi tumefungua, likatoka vumbi. Na fundo siyo dawa: linaipunguzia kamba nguvu, pengine karibu nusu, tena linakwama kwenye kapi.

Inasemwa fedha hakuna. Daftari tumelisoma. Tuliojifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, tunasoma polepole lakini tunasoma. Fedha za pilau na soda za mkutano mkuu zipo. Pilau hatuipingi, nasi tunaila. Mwaka huu tule ugali.

Inunuliwe kamba ya naili, haiozi kwa maji, ila jua huichosha, kwa hiyo usiku na mchana isiachwe juani bure. Kabla yake libadilishwe kapi, maana limelika upande mmoja na litaikata kamba mpya kama msumeno. Kila miezi sita kamba igeuzwe, ncha ya juu iwe ya chini.

Ya zamani ikatwe vipande vya kufungia mbuzi. Anayebisha aje kisimani Jumamosi saa mbili asubuhi, avute debe la kwanza yeye.

Katibu wa Tawi, Kolo