Pampu Ina Mwenyewe

"Maji hayana mwenyewe." Hivyo ndivyo wanavyojitetea wenye nyumba wa mabondeni Kampala kila mvua za Machi hadi Mei zinapoanza na pampu zao kuunguruma usiku kucha. Mimi nawapinga. Maji ya mvua yakishuka mlimani yenyewe, sina wa kumlaumu. Lakini maji yaliyovutwa kutoka shimo lililo chini ya sakafu, yakapitishwa kwenye mpira juu ya ukuta na kumwagwa uchochoroni, yana mwenyewe. Ni yule aliyewasha swichi.

Tufanye hesabu. Pampu inayotoa lita 100 kwa dakika hutoa lita 6,000 kwa saa, yaani madumu 300 ya lita 20. Nani angethubutu kubeba madumu 300 na kuyamwaga mlangoni kwa jirani? Kwa pampu anafanya hivyo akiwa amelala.

Na jirani huyo ni nani? Katika mitaa kama Bwaise, maji ya ardhini yako karibu sana hivi kwamba vyoo vya shimo hujengwa juu, mtu akipanda ngazi kuingia. Ukiongeza maji hapo, shimo linafurika, na uchafu unaelekea kwenye chemchemi ambako watoto huteka maji. Kipindupindu hakiulizi maji yalitoka kwa nani.

Wapo wanaojiona werevu zaidi: huunganisha pampu na bomba la majitaka. Bomba hilo lilipimwa kwa ajili ya choo na jiko. Likizidiwa, kinyesi hutokea kwenye chemba za walio chini. Wengine humwaga hatua mbili kutoka ukuta wao wenyewe, maji yakarudi chini ya sakafu, na pampu ikavuta maji yaleyale hadi asubuhi. Hao nawaachia bili yao ya umeme.

Mahali pa maji haya ni mtaro wa maji ya mvua, kwa bomba lililofungwa, lenye valvu ya kuyazuia yasirudi. Kama mtaro uko mbali, gharama ya kuufikia ni ya mwenye pampu, na kama bomba litapita kwa jirani, aombwe kwanza, mwenyekiti wa LC1 akishuhudia. Kama umezibwa na kavera, zitolewe kabla ya kuwasha. Na mtaro ukiwa umejaa hadi ukingoni, pampu izimwe. Najua hili linaudhi, maana gari liko chini huko. Lakini aliyechagua kuchimba maegesho bondeni ndiye angoje maji yapungue, si mama anayenyanyua godoro lake juu ya meza.

KCCA hupitisha ramani za ujenzi jijini. Kila ramani yenye chumba cha chini ya ardhi ionyeshe bomba la pampu linaishia wapi, na mkaguzi alifuate kwa miguu hadi mwisho wake.