Jenomu ya Kirusi, Jicho la Kibarua

Mwezi Julai 2024, katika wilaya ya Weld, jimbo la Colorado nchini Marekani, vibarua waliajiriwa kuua kuku. Kirusi cha mafua ya ndege aina ya H5N1 kilikuwa kimeingia katika mashamba makubwa ya kuku wa mayai, na utaratibu unataka banda lililoambukizwa limalizwe lote, mzima kwa mgonjwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono: kumkamata kuku mmoja mmoja, kumtia katika kigari kilichojazwa hewa ya kaboni, kuondoa mizoga, kuanza upya. Joto mabandani lilifika nyuzi 40 za Selsiasi. Feni kubwa zilizowashwa ili kulipunguza zilirusha manyoya na vumbi, na miwani ya kinga na barakoa zikawa hazikai usoni. Vibarua tisa wakathibitishwa kuambukizwa. Wengi wao macho yaligeuka mekundu na kuwasha, hakuna aliyezidiwa.

Kilichofuata kiliwafurahisha wanasayansi, na kwa haki. Majimaji yaliyopanguswa machoni na puani mwa vibarua yalipelekwa maabara, jenomu ya kirusi ikasomwa, na baada ya siku chache ikajulikana kwamba kirusi hicho ni ndugu wa karibu wa kile kilichokuwa kimegunduliwa kwa ng’ombe wa maziwa tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Macho yaliyozoea kutazama angani, kwa bata wa mwituni, yakalazimika kutazama zizini. Bila kusoma jenomu tungebaki na kisa cha kuku waliougua na watu waliougua, na uvumi wa kuviunganisha.

Nayasema haya mapema ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wanaoibeza sayansi hii. Hoja yangu ni nyingine. Tumejenga mfumo unaoweza kueleza ukoo wa kirusi hadi kwa mababu zake, lakini mfumo wote huo umetundikwa juu ya uamuzi wa mtu mmoja aliye chini kabisa katika mnyororo: kibarua anayeamka asubuhi macho yakiwa mekundu, akajiuliza kama aseme au anyamaze. Uamuzi huo hautegemei biolojia. Unategemea ujira, mkataba na hofu. Kwa hiyo usomaji wa jenomu za virusi vya ndege ni suala la sera ya kazi kabla haujawa suala la maabara, na serikali zinazoukabidhi kwa wizara za afya na mifugo peke yake zinajipunja.

Tuanze na kinachosomwa. Kirusi cha mafua hubeba maagizo yake katika vipande 8 vya RNA, vyenye jumla ya herufi zipatazo 13,500. Kusoma jenomu ni kuziandika herufi hizo kwa mpangilio wake, kisha kuzilinganisha na za jana, za shamba la jirani, za ndege na za binadamu. Kati ya protini zinazoagizwa na herufi hizo kuna iitwayo PB2, sehemu ya mtambo ambao kirusi hutumia kujinakili. Katika nafasi yake ya 627, virusi vya ndege kwa kawaida huwa na asidi-amino ya glutamiki. Nafasi hiyo ikichukuliwa na laisini, mtambo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya seli za mamalia, katika ubaridi wa pua ya binadamu badala ya joto la utumbo wa ndege.

Uholanzi ililijua badiliko hilo kwa uchungu mwaka 2003. Mlipuko wa aina ya H7N7 ulisababisha ndege wapatao milioni 30 kuuawa. Watu 89 walithibitishwa kuambukizwa, wengi wao wakiwa ni wale walioshika kuku kwa mikono yao, na wengi waliugua macho tu. Mmoja, daktari wa mifugo, alifariki kwa nimonia. Kirusi kilichotoka mapafuni mwake kilipolinganishwa na kile cha mgonjwa wa macho, nafasi ya 627 ilikuwa imebadilika. Badiliko hilohilo lilionekana tena Machi 2024 kwa mfanyakazi wa shamba la ng’ombe wa maziwa huko Texas, naye aliugua macho tu na akapona. Herufi moja, basi, haitabiri kifo; inachofanya ni kutuambia kwamba kirusi kimeanza kujifunza mwili wetu, na kwamba tunapaswa kuwatafuta waliomzunguka mgonjwa huyo upesi.

Kuwatafuta upesi. Hapo ndipo mfumo unapoyumba. Mwaka huohuo wa 2024, watafiti wa Marekani walipima damu za wafanyakazi 115 wa mashamba ya maziwa yaliyokuwa na maambukizi katika majimbo ya Michigan na Colorado. Wanane, yaani asilimia 7, walikuwa na kingamwili za H5N1, na nusu yao hawakukumbuka kuugua. Hakuna jenomu ya virusi vilivyowapitia watu hao wanane, wala haitapatikana kamwe, kwa kuwa kingamwili hubaki baada ya kirusi chenyewe kuondoka. Hifadhidata tunayoiita picha ya mlipuko ni picha ya waliojitokeza kwa wakati. Mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza angetuonya kwamba sampuli ya namna hiyo imepinda, na imepindia upande wa wenye uwezo wa kupoteza siku ya kazi.

Maana siku hiyo ina bei. Sheria ya shirikisho nchini Marekani haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kumlipa mfanyakazi siku za ugonjwa. Majimbo kadhaa, Colorado likiwamo, yametunga sheria zake, mengine hayana. Mhamiaji asiye na karatasi, hata penye sheria nzuri, hupima kwanza kama kuandikwa jina lake kwenye fomu ya idara ya afya kutamfikisha kwa idara ya uhamiaji. Mwenye kuku hana mashaka ya aina hiyo. Serikali ikiamuru kuku wake wauawe, humlipa fidia. Tangu mwaka 2022 fidia hizo zimepita dola bilioni moja. Sioni ubaya wa kumlipa mfugaji, kwa sababu asiyelipwa huficha ugonjwa, na hilo linajulikana tangu zamani. Ninachoshangaa ni kwamba mantiki hiyohiyo, iliyo wazi kabisa inapomhusu mwenye mali, hugeuka ngumu kueleweka inapomhusu mwenye mikono. Kuku anafidiwa ili mwenyewe aseme ukweli. Kibarua anaombwa uzalendo.

Wapo watakaonijibu kwamba suala la haki katika sayansi hii limekwisha kujadiliwa, na watanikumbusha Indonesia. Ni kweli, na kisa chake kinastahili kukumbukwa. Mwishoni mwa mwaka 2006, nchi hiyo ikiwa miongoni mwa zilizokuwa zikipoteza watu wengi zaidi kwa H5N1, waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alisimamisha upelekaji wa sampuli za virusi katika mtandao wa Shirika la Afya Duniani. Alikuwa amebaini kuwa kampuni moja ya Australia inatengeneza chanjo kutokana na kirusi cha Indonesia, chanjo ambayo Waindonesia wenyewe wangeinunua kwa bei ya soko, kama wangeipata. Nchi tajiri zilimwita mkorofi. Lakini ukorofi huo ndio uliozaa, mwezi Mei 2011, utaratibu wa dunia unaozitaka kampuni zinazonufaika na virusi vya mafua kuchangia fedha na kutenga sehemu ya chanjo na dawa kwa nchi zenye uhitaji. Mkataba wa dunia kuhusu magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Mei 2025 umerithi ugomvi huohuo: kiambatisho kinachohusu nani atoe virusi na taarifa za jenomu, na nani apate nini, kiliachwa kijadiliwe baadaye kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote.

Namuunga mkono Supari. Hata hivyo, tazama ni nani waliokuwa mezani: dola, kampuni, shirika la kimataifa. Kirusi kilichodaiwa kuwa cha Indonesia kilitoka katika mapafu ya watu waliofuga kuku uani na kuwachinja kwa ajili ya chakula, na hao hawakuwa na kiti. Sisi wa nchi za kusini tumekuwa hodari wa kudai mgawo sawa baina ya mataifa, tukiwa kimya kuhusu mgawo ndani ya taifa. Ikiwa Jakarta ilikuwa na haki ya kuiuliza Geneva ‘tutapata nini’, mwenye mapafu naye alikuwa na haki ya kuiuliza Jakarta.

Swali hilo lina anwani hata huku kwetu. Januari 2017, ndege wahamiaji waliokotwa wakiwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na muda si muda bata na kuku wa kufugwa wakafa wilayani Masaka. Jenomu ilisomwa, ilikuwa H5N8, ya ukoo uliokuwa ukizunguka Ulaya na Asia wakati huo. Kenya ikazuia kuku na mayai ya Uganda. Mwitikio wetu wa kwanza ulikuwa wa mipaka na biashara, nao nauelewa. Lakini ziwa ni letu sote, na ndege hawapigi muhuri pasipoti.

Tangu hapo tumepiga hatua. Janga la Uviko lilituachia mashine za kusoma jenomu na vijana wanaojua kuzitumia. Maabara ya KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi ni mfano ambao hakuna haja ya kuutafutia mwingine. Tanzania ina Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, linaloziketisha pamoja afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Ni wazo zuri, ila nguzo ya ajira haimo. Tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 pamoja na mfuko wake. Zote zinamtambua mfanyakazi mwenye mwajiri. Anayechinja na kunyonyoa kuku sokoni Shekilango au Kisutu, akilipwa kwa kila kuku, mwajiri wake ni nani? Ni mwenye tenga, mwenye kizimba, au mteja aliyesimama akisubiri? Huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuugua macho siku kirusi kikiingia mjini, na akiambiwa akae nyumbani siku kumi hatakaa, kwa sababu atakula nini?

Mtumishi mmoja wa umma, tulipozungumza juu ya jambo hili, aliniambia kwamba bajeti haitoshi kulipa vibarua waugue nyumbani. Sikubaliani na hesabu hiyo. Vitendanishi vya kusomea jenomu tunaviagiza kwa fedha za kigeni, na mashine isiyoletewa sampuli hulala huku ikiendelea kugharimu matengenezo. Ujira wa siku kumi wa mchinjaji wa kuku ni sehemu ndogo sana ya gharama hizo, tena ndio unaozipa maana. Fungu hilo litengwe ndani ya bajeti ileile ya ufuatiliaji wa jenomu, lisiachiwe hisani ya mfuko wa maafa. Vyama vya wafanyabiashara wa kuku vishirikishwe kuandaa orodha za wanaochinja na kunyonyoa, na iandikwe bayana kwamba orodha hizo hazitatumiwa na mgambo wala mkusanya ushuru. Bila sharti hilo zitajaa majina ya uongo. Na matokeo ya maabara yarudi kwa mtu aliyepanguswa jicho, kwa Kiswahili, kabla hayajatumwa kwenye hifadhidata ya dunia. Fomu inayoambatana na sampuli ina nafasi ya umri, jinsia, wilaya na tarehe. Iongezwe mistari miwili: kazi ya mgonjwa, na idadi ya siku alizolipwa akiwa amejitenga.