Ardhi Ndiyo Ichague Mashine

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha nchini Tanganyika mradi wa karanga uliokusudiwa kufyeka mamilioni ya ekari, na kazi yake ilifanywa katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta na mabuldoza yaliyobaki kutoka katika Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mwaka 1951 mradi huo ulivunjwa, na hasara yake ikapita pauni milioni 36.

Wakubwa wa mradi hawakukosa mashine. Walikosa kuijua ardhi. Udongo wa Kongwa hukauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake mkali ulikula vyuma vya majembe. Mashine zilikuwa kuukuu, vipuri vilikuwa haba, na madereva wengi walikuwa hawajafundishwa vya kutosha.

Yafaa somo hilo likumbukwe na kila mtumishi wa serikali na kila mwalimu anayetumia akiba yake kufungua shamba. Wengi hutafuta kwanza buldoza kubwa kuliko yote, kwa imani kwamba ukubwa ndio ufanisi. Kwa siku moja pori hutoweka na shamba hung'aa kama uwanja wa mpira. Kumbe sahani ya buldoza imeukomba udongo mweusi wa juu, ambao ndio chakula cha mimea, na kuurundika kando pamoja na visiki. Misimu michache baadaye mahindi huwa ya manjano katikati ya shamba, na kustawi pembezoni tu, penye marundo yale. Akiba ya miaka mingi imelipia umaskini wa shamba.

Kichaka chepesi hakihitaji buldoza; panga, shoka na jembe hutosha, kisha trekta likafuata. Penye visiki vikubwa, ifaayo ni mashine ya minyororo iliyofungwa reki ya meno, kwa kuwa meno hung'oa mizizi na kuuacha udongo upite. Kuchimba bwawa au mfereji ni kazi ya ekskaveta. Penye mteremko, haifai kulazimisha ardhi iwe tambarare. Yapimwe makingamaji yanayokata mteremko, ili mvua isiuchukue udongo. Na mashine yoyote nzito isiingizwe shambani wakati udongo umelowa, kwani uzito wake huushindilia udongo, maji na mizizi visipenye.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwenye shamba achimbe shimo la kufika gotini, mahali kadhaa, auone udongo wa juu una kina gani. Amwite bwana shamba. Amuulize mwenye mashine kama dereva amewahi kufanya kazi ya mashamba, au ya barabara tu, na kama mashine ikiharibika saa zitaendelea kuhesabiwa. Mapatano hayo yaandikwe.

Mwalimu ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu shamba lake ni darasa la kijiji kizima. Akiikwangua ardhi yake, wanakijiji watamwiga. Akiihifadhi, watamwiga pia. Mashine hukodiwa kwa siku chache, lakini udongo uliopotea haurudi katika umri wa aliyeupoteza.