Tone Dogo, Utegemezi Mkubwa

Mwaka 1957, mjini Marburg, Ujerumani, Heinrich Schnitger alichoshwa na kunyonya vimiminika kwa mdomo katika mrija wa kioo, akabuni bomba dogo la pistoni. Leo mitambo hudondosha yenyewe mikrolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Hayo ni maendeleo ya kweli, kwani mfanyakazi wa maabara ameepushwa na kumeza sumu na vijidudu.

Lakini mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea, ncha za plastiki za mitambo hiyo ziliadimika duniani. Funzo ni dhahiri: taifa linunualo mtambo bila kujiandalia ncha zake limenunua utegemezi. Ncha ni plastiki iliyomiminwa katika kalibu sahihi. Viwanda vya nchi changa na vianzie hapo.