Mlinzi Awekwe Palipo na Hatari

Tarehe 1 Aprili, 2009, helikopta aina ya Super Puma iliyokuwa ikiwarudisha pwani ya Scotland wafanyakazi wa visima vya mafuta ilianguka katika Bahari ya Kaskazini. Watu wote 16 waliokuwamo walikufa. Miaka saba baadaye, tarehe 29 Aprili, 2016, helikopta nyingine ya ukoo huo huo ilianguka Turøy, nchini Norway, na watu 13 wakapoteza maisha. Katika ajali zote mbili pangaboi kuu lilichomoka angani, na katika zote mbili gia ndogo iliyomo ndani kabisa ya sanduku la gia ilikuwa imepasuka kwa kuchoka chuma chake.

Helikopta hizo hazikuwa bila walinzi. Mwaka 1986 helikopta aina ya Chinook ilianguka karibu na visiwa vya Shetland, ikaua watu 45, na chanzo kilikuwa gia. Kutokana na msiba ule, helikopta za Bahari ya Kaskazini zilianza kufungwa mitambo ya kupima mitetemo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mitambo hiyo imegundua hitilafu nyingi kabla ya wakati wake, na hapana mtu mwenye akili atakayeibeza. Udhaifu wake ni mahali ilipo. Vihisi vyake hubandikwa nje, juu ya ganda la sanduku la gia, ilhali ufa huanzia ndani, katika gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati mithili ya sayari zinavyolizunguka jua. Mtetemo wa ufa mdogo hauna budi kupita katika meno na beringi, ukichanganyika na kishindo cha gia nyingine zote. Ukifika nje huwa kama mnong'ono wa mtu mmoja sokoni. Kule Turøy ufa ulitambaa chini ya uso wa chuma bila kumwaga chembe za kutosha kunaswa na sumaku iliyowekwa kwa kazi hiyo, na mitambo ya mitetemo haikutoa onyo lolote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kihisi kisiwekwe ndani. Jibu ni kwamba gia hizo huzunguka bila kusita, na waya uliofungwa juu yake ungesokotwa na kukatika. Betri nayo huharibiwa na joto la oili, na kuibadilisha maana yake ni kulifungua sanduku zima, kazi isiyofanywa kila wiki. Ndiyo maana wataalamu wamekigeukia kihisi kinachojitafutia umeme wake chenyewe. Elimu yake si ngeni kwa mwalimu wa fizikia. Mwaka 1880 ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha kuwa fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kabla yao, mwaka 1821, Seebeck alikuwa ameona kwamba tofauti ya joto kati ya maungio ya metali mbili zilizounganishwa huzaa umeme pia. Mtetemo na joto, ambavyo katika sanduku la gia vimejaa tele, vinaweza kukilisha kihisi. Umeme upatikanao ni haba, lakini kihisi kikilimbikiza kidogo kidogo, kikaamka, kikapima, kikatuma habari kwa redio na kulala tena, umeme huo waweza kutosha.

Ugumu haukosekani. Ganda la chuma huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo kipokezi nacho yafaa kiwe ndani. Zaidi ya hayo, kihisi kikilegea na kudondoka kati ya meno ya gia, mlinzi atakuwa amegeuka mharibifu. Hizo ni sababu za kufanya majaribio kwa uangalifu. Si sababu za kuliweka jambo hili kabatini. Wachunguzi wa Uingereza walipendekeza tangu mwaka 2011 kwamba ufanyike utafiti wa njia bora za kugundua uchakavu katika gia hizo, na miaka mitano baadaye ndipo ilipotokea ajali ya Turøy. Mfanyakazi anayepanda helikopta kwenda kisimani hana namna ya kuchungulia chini ya ganda. Amewakabidhi wengine kazi hiyo pamoja na roho yake.

Hata hivyo, kihisi hakiwezi kufanya kazi ya ofisi. Tarehe 25 Machi, 2009, saa 36 za kuruka kabla ya ajali ya Super Puma, chembe ya chuma ilinaswa na sumaku ya sanduku lile lile. Ilionekana, na hatua zikachukuliwa, lakini haikutambuliwa kuwa ni dalili ya gia inayoharibika. Kwa hiyo kanuni itakayodai vihisi vya ndani haina budi kutaja pia ni nani atakayepokea taarifa zake, atazijibu kwa muda gani, na nani mwenye mamlaka ya kuizuia helikopta isiruke mpaka jibu lipatikane.